Heri Aliyeegemea Nguzo

Treveri, tarehe kumi Machi, mwaka wa tano wa Mtukufu

Dada yangu Primania,

Nakusalimu wewe na shemeji Sakro, na mama mkwe wako pia, ambaye nasikia bado anakataa kufa kwa kuwa anajua utafurahi. Mimi ni mzima. Baridi imepungua, mto umeanza kushuka, na jino lile lililonisumbua nimeling'oa.

Binti yako Lupula amefika salama. Siku ya kwanza alilala kutwa nzima. Siku ya pili aliamka, akazunguka nyumba yangu, akaniuliza, "Mjomba, humu analala mtu au mbuzi?" Tangu mke wangu afariki hakuna aliyewahi kunisema hivyo, na sikujua kwamba nilikuwa natamani kusemwa. Sasa sufuria zinang'aa na nakula chakula cha moto. Yule kijana Iullus, mwana wa fundi wa vioo mliyekubaliana na baba yake, amekuja kututembelea mara mbili akijifanya anauza jagi. Jagi lenyewe lilikuwa na ufa. Lupula alimwambia, "Rudi ukishajifunza kazi," na kijana aliondoka akitabasamu kama mtu aliyepewa shamba. Naona mambo yataenda vizuri.

Nikupe na habari za kazi. Unajua mimi nachonga chapa za chuma, wenzangu wanazigongea sarafu kwa nyundo. Upande mmoja ni uso wa Mtukufu, Kaisari wetu. Upande wa pili ni mmoja wa wale mabibi watatu: Heri mwenye fimbo na pembe ya neema inayomwaga matunda, Furaha mwenye shada la maua, au Bashasha na tawi lake la mtende. Miaka mitano nimewachonga mpaka nawajua kuliko majirani zangu. Basi msimamizi wetu, Sollemnis, alinijia na sarafu mkononi akasema, "Attianus, huyu Heri wako amekaa kama mfiwa. Mtukufu anataka sarafu kubwa ya dhahabu kwa ajili ya maofisa, na fedha za askari kwa mchoro uleule. Nitengenezee Heri ambaye askari akimtazama atatamani kuishi."

Nilirudi nyumbani na kichwa kizito. Lupula alikuwa uani anasubiri mkate uive, ameegemea nguzo, mguu mmoja ameupitisha juu ya mwingine, anamcheka bata bukini wa jirani aliyekuwa anamfukuza mbwa. Nikamwambia asisogee. Nikamchora palepale. Nimemwekea fimbo mkono mmoja na pembe ya neema mkono wa pili, lakini nguzo nimeiacha na miguu nimeiacha. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, dada, na nasema hivyo bila kulewa. Chini yake nimeandika: HERI YA NYAKATI.

Sollemnis alikuja nyumbani kuutazama mchoro. Akauliza, "Umemtoa wapi?" Nikamjibu, kichwani mwangu. Akatazama uani, ambako Lupula alikuwa anatoa mkate, akasema, "Kichwa chako kina tanuri."

Tulicheka sote.

Ndugu yako,
Attianus


Burdigala, tarehe mbili Mei

Mdogo wangu Attianus,

Ukiwa mzima nashukuru, sisi tu wazima. Baridi kali ya jalidi imeunguza mizabibu ya upande wa kaskazini, kwa hiyo Sakro anatengeneza mapipa ambayo hajui nani atayajaza. Mama mkwe amezisikia salamu zako, akataka asomewe mara ya pili. Anasema ukija umletee soksi nzito, maana hana nia ya kwenda popote hivi karibuni.

Sasa nisikilize. Juzi alikuja kwenye banda langu askari aliye likizoni, akala chaza sahani mbili. Alipotoa sarafu ya kunilipa aliibusu kwanza. Nikamuuliza anabusu nini.

"Heri," akasema. "Huyu si kama wale wa zamani, mama. Huyu yupo kweli. Wenzangu walioko Treveri wamemwona sokoni ananunua vitunguu."

Nikaitazama. Uso wake ni mdogo kuliko punje ya mtama, hakuna ambaye angemjua kwa uso. Lakini mimi ndiye niliyemkemea tangu ana miaka sita aache kusimama na miguu imepishana kama korongo. Nilikaa chini, Attianus. Yule askari akadhani jua limenipiga.

Sakro amefurahi sana. Ameitoboa sarafu anaivaa shingoni, anamwonyesha kila anayekuja kununua pipa. Mimi sikufurahi. Mtu ana siku zake. Kuna siku anaamka amenuna, kuna siku anaumwa tumbo, kuna siku anamtukana mama yake. Sasa mmempa jina la kitu ambacho watu wote wanakitaka na hawakipati. Siku wakikikosa watamuuliza nani?

Umefanya kazi nzuri, sikatai. Sasa chonga nyingine. Mrudishe yule bibi wa zamani aliyefiwa.

Na mwambie Lupula aniandikie kwa mkono wake. Nimeona salamu zako tu. Kama yule Iullus hajakata tamaa, waoane kabla ya mavuno, kisha wahamie huku. Sakro anaweza kumjengea tanuri la vioo nyuma ya ghala.

Dada yako,
Primania


Treveri, tarehe ishirini Julai, mwaka wa tano wa Mtukufu, mwenye ushindi, mlezi wa majimbo

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Hali ya hewa ni njema, mazao ni mengi, na mji wote unamshukuru Mtukufu kwa amani tuliyo nayo. Barua yako imenifikia. Ilikuwa imefunguliwa kwa uangalifu na kufungwa tena kwa uangalifu, kwa hiyo najua kuna watu wengi wanaokujali.

Jirani yangu mwenye bata bukini amehama. Nimebadilisha vigae vya paa upande wa jikoni. Soksi nitazitafuta.

Lupula ni mzima na anakula vizuri sana, vizuri kuliko nilivyoweza kumlisha mimi. Katika sikukuu ya Mtukufu alipewa heshima ya kutembea mbele ya maandamano amevaa kama Heri, na fimbo na pembe ya neema iliyojaa matunda halisi. Askari walishangilia mpaka farasi wakaogopa. Mtukufu mwenyewe alimtazama, akasema jambo, na waliokuwa karibu wakacheka. Kwa kuwa sasa kuna maandamano mengi, amepewa chumba karibu na ikulu ili asitembee umbali mrefu. Siku za soko naruhusiwa kumwona. Wiki iliyopita haikuwa na nafasi, wala ile iliyoitangulia. Sollemnis anasema nisiwe na wasiwasi, na mimi sina.

Uliniuliza habari za vioo. Fundi wa vioo na mwanawe wamepelekwa kufanya kazi kwenye ngome ya mpakani. Inasemekana ngome inahitaji madirisha.

Nimeagizwa nichonge mchoro uleule kwenye chapa nyingine nyingi. Mkono umeshauzoea. Siku hizi nachonga bila kutazama sana.

Usiwe na haraka ya kuniandikia.

Attianus


Burdigala, tarehe moja Septemba

Attianus,

Sisi wazima. Mama mkwe alianguka uani lakini mfupa haukuvunjika. Zabibu zilizobaki zimechumwa.

Nimepokea barua ya Lupula. Kama unamwona siku za soko, mwambie kwamba karatasi ni ya bei kubwa na mwandiko ni wa kupendeza, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Inaanza, "Mama yangu mheshimiwa." Lupula hajawahi kuniita mheshimiwa hata siku niliyomnunulia viatu vyekundu. Inasema anafurahi mchana na usiku. Inasema furaha yake ni furaha ya jeshi lote. Nimeisoma mpaka mwisho nikitafuta neno moja la mwanangu na sikuliona.

Nawaambia na hao wanaofungua barua, maana najua wanasoma: mimi ni muuza chaza, sina siasa. Nataka mtoto wangu.

Sarafu zenu zimekuwa nyepesi. Fedha iliyoko juu inatoka ukiisugua na chumvi, chini ni nyekundu. Heri wako huku anakuwa mwekundu baada ya mwezi mmoja mkononi. Mchuuzi wa samaki hazitaki. Juzi aliitupa moja mtaroni akasema, "Heri ya nyakati gani?" na watu wakatazama kando, kila mtu akaendelea na shughuli zake. Siku ya pili hakuja sokoni. Mpaka leo hajaja.

Sakro ameshaondoka. Sikumzuia. Ameivua ile sarafu shingoni na kuiweka mezani, akachukua zana zake za mapipa ili njiani aonekane fundi anayetafuta kazi. Atakuwa amekufikia kabla ya barua hii au muda mfupi baada yake. Mpokee. Unajua alivyo, mdomo wake hauna mlango. Mshike.

Primania


Treveri, tarehe kumi na mbili Oktoba

Dada,

Barua hii haiji kwa njia ya kawaida. Ameibeba msafirisha mvinyo ambaye mke wangu aliwahi kumuuguza, ameiweka ndani ya pipa tupu. Kwa hiyo leo naweza kusema nawe. Ile ya Julai nilikuwa nawaandikia wao.

Sakro alifika mzima, miguu imevimba. Nilimwosha miguu, nikampa bia na soseji. Hakugusa kitu. Akauliza, "Yuko wapi?"

Nikamwambia kila kitu, na wewe nakwambia vilevile. Baada ya sikukuu ile hawakumrudisha. Nilikwenda ikulu mara nyingi. Mwanzoni niliruhusiwa kumwona chumbani kwake, mwanamke mmoja amekaa mlangoni anasikiliza. Lupula aliniuliza habari za sufuria. Nikamwambia zimechakaa tena. Akasema, "Mjomba, wananifundisha kusimama." Nikadhani anatania, lakini alisimama kunionyesha. Wameweka nguzo ya mbao katikati ya chumba. Kila asubuhi anasimama pale, mguu juu ya mguu, mpaka atakapoacha kutetemeka, kisha anaambiwa acheke.

Mwezi wa Agosti adui alivuka milima, na Mtukufu akatoka na jeshi. Askari walikataa kuondoka bila Heri wao. Wakampandisha kwenye gari la kukokotwa na nyumbu, na ile nguzo ya mbao wameifunga nyuma yake. Nilisimama barabarani likapita. Kila askari aliyekuwa karibu alinyoosha mkono aguse gurudumu. Waliokuwa mbali walisukumana. Mmoja aliomba unywele wake mmoja, akapewa, na wengine wakaona. Lupula aliniona. Alikuwa anacheka kama alivyofundishwa, na hakuacha kucheka alipokuwa ananitazama.

Walipigana mara moja mwezi uliopita wakashinda. Hilo ndilo baya kuliko yote. Sasa hakuna mtu jeshini anayeamini kwamba walishinda kwa mikuki.

Sakro alisikiliza yote haya. Kisha akasema, "Wewe ulimchora."

"Nilimchora."

"Kwa nini hukumchora yule bata?"

Akavaa viatu vyake juu ya uvimbe. Nilimwambia njia zina walinzi, nikamwambia dada yangu ameniagiza nimshike. Akasema, "Basi nishike." Mimi ni mtu wa kukaa kwenye kiti, Primania, mikono yangu inajua vitu vidogo. Alinisogeza pembeni kama anasogeza pipa tupu, akaenda kulifuata jeshi. Jeshi linahitaji mapipa, alisema. Watamchukua.

Hiyo ilikuwa siku tisa zilizopita. Sina habari zaidi.

Attianus


Treveri, Desemba, siku za sikukuu ya Saturno, mwaka wa kwanza

Primania,

Usishangae ninavyoandika tarehe. Ni mwaka wa kwanza tena.

Hapa watu wamevaa kofia za sikukuu, watumwa wanahudumiwa na mabwana zao, na hakuna anayecheka kwa sauti. Jeshi lilishindwa mwezi Novemba. Mtukufu aliuawa ndani ya hema lake na watu wake mwenyewe, na jioni yake walikuwa na mwingine tayari. Siwezi kukuambia habari za Sakro. Siwezi kukuambia habari za Lupula. Nimewauliza majeruhi wanaorudi. Mmoja alisema gari lilipinduliwa. Mwingine alisema aliliona likiwa tupu. Wa tatu, mvulana tu, bado hajaota ndevu, aliniambia, "Yule mwanamke alitugeuka. Asubuhi ya vita hakucheka." Kisha akasema wanamtafuta.

Sollemnis haonekani kazini. Kiti chake kina mtu mpya, mpole, anayezungumza polepole. Alituamuru tuvunje chapa zote za zamani. Nilivunja zangu mwenyewe kwa nyundo, na sikuona uchungu niliodhani ningeuona. Kisha akaniita peke yangu. Alikuwa na ile dhahabu kubwa mezani.

"Mkono wako huu?"

"Ndiyo, bwana."

"Ni kazi nzuri. Huyu mwanamke ni nani?"

"Si mtu, bwana. Ni Heri."

"Askari wanasema ana jina."

"Askari wanasema mengi."

"Wanasema pia alikuwa anakaa kwako."

"Nilikuwa na msichana wa kazi. Alikuwa mfupi, ana makengeza."

Akaigeuza dhahabu, akaigeuza tena. "Mtukufu mpya hana chuki na mtu," akasema. "Lakini askari wake wengi walilazwa kwenye uwanja wa vita siku ile na hawakuamka, na wenzao wanataka kujua sababu. Wakipewa sababu watatulia. Fikiri. Sina haraka." Akanirudishia zana zangu na kunitakia sikukuu njema.

Kila siku mbili tatu ananiita, ananiuliza kama nimefikiri.

Usiniandikie. Wakija watu kwako, wewe huna ndugu Treveri. Huna binti. Uza chaza zako. Barua hii nayo inakuja ndani ya pipa; ichome, na zile nyingine pia.

A.


Burdigala, tarehe tatu Machi

Mdogo wangu Attianus,

Umenikataza kuandika na nimekuandikia. Anayeibeba ni yuleyule wa mapipa. Nimemwambia asipokukuta aitupe mtoni.

Kwanza habari za nyumbani. Mama mkwe alifariki Januari, usingizini. Nililia, jambo ambalo lingemkera. Sakro ni mzima, ila amepoteza vidole viwili vya mguu kwa baridi.

Lupula yuko hapa.

Sakro alimkuta siku mbili baada ya vita, miongoni mwa wanawake wanaofulia jeshi. Walikuwa wamemficha chini ya mablanketi machafu. Asubuhi ile kabla ya vita askari walikuwa wamezimaliza nywele zake, kila mmoja alitaka yake, na walipoishiwa na nywele walichukua na kucha. Sakro alimleta kwa njia za vijijini, akiwaambia watu ni dada yake aliyerukwa na akili. Anasema hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Alipofika nilimpita mlangoni. Nilidhani ni mwombaji, nikaenda kuchukua mkate.

Mwezi uliopita walikuja watu wawili wa jeshi. Hawakuwa wakali. Walikaa, wakala chaza, wakasema wanamtafuta mwanamke mmoja na wamesikia ana watu wake mji huu. Niliwaambia sina binti, kama ulivyonifundisha. Wakati huohuo Lupula akatoka nyuma na ndoo ya maganda. Sikuweza kumwashiria kitu. Mmoja wao akasimama, akamwambia aweke ndoo chini. Akatoa sarafu mfukoni, ya fedha, ile ya mwanzo iliyo nzuri, akaishika karibu na uso wa mwanangu. Akamwambia aegemee nguzo ya banda. Akaegemea. Akamwambia, "Pishanisha miguu." Akapishanisha. Akamwambia, "Cheka."

Akacheka, Attianus. Alicheka vilevile kama walivyomfundisha.

Yule mtu alimtazama, akaitazama sarafu, akamtazama tena. Mwenzake akasema, "Acha bwana, unamwogofya kichaa wa watu bure. Huyu na Heri wapi na wapi?" Wakanilipa, wakaomba radhi kwa usumbufu, wakaenda zao. Lupula aliendelea kusimama pale mpaka nilipokwenda kuiachanisha miguu yake kwa mikono yangu, mmoja kisha wa pili.

Sasa anakula. Halali vizuri. Hasemi mengi, na anapoosha chaza naona mikono yake iko imara. Hajakutaja kwa ubaya. Jana aliuliza kama utakuja, nikasema nitakuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza. Njoo. Toka usiage mtu, mwenye mapipa ana nafasi kwenye mashua yake na hatataka kitu.

Nakuandikia haraka kwa sababu wiki hii sarafu za Mtukufu mpya zimefika sokoni. Nyuma kuna Furaha na shada lake. Nimeitazama juani, nikaitazama dirishani. Mikono yake ni minene, na yule aliyemchonga hajui kitambaa kinavyoanguka kwenye goti. Sakro anasema pengine wamekupa kazi nyingine, yenye heshima zaidi. Anasema hivyo kila nikiishika.

Mimi naitafuta kazi ya mkono wako na siioni.

Dada yako,
Primania